Fujo ni kitendo, uzururaji ni hali: kasoro ya vifungu vya 176 na 177

Kila linapozuka wimbi la uporaji jijini Dar es Salaam, kama ilivyokuwa mwaka 2022 wakati makundi ya vijana yaliyobatizwa jina la Panya Road yalipovamia watu majumbani na kuwajeruhi kwa mapanga, kinachofuata hakihitaji utabiri. Misako huanza, karandinga na difenda hupita vijiweni kuzoa vijana, na baada ya siku chache hutangazwa idadi ya waliokamatwa. Wananchi waliokuwa wakilala kwa mashaka hupumua, na hakuna wa kuwalaumu kwa hilo. Lakini ukiacha taarifa kwa vyombo vya habari ukaenda kusikiliza mashtaka yanavyosomwa mahakamani, utakuta kwamba pembeni ya unyang'anyi wa kutumia silaha, ambao ndio uliowatia watu hofu, lipo shtaka jingine dogo linalosomwa haraka haraka, mara nyingine kwa watu wengi kwa mpigo, na ambalo mtaani linajulikana kwa jina kuliko kwa kifungu chake: uzembe na uzururaji.

Hoja ya makala haya ni kwamba shtaka hilo halistahili kuendelea kukaa katika chumba kimoja na makosa ya fujo. Sheria yetu ina vifungu vya kutosha vya kumwadhibu mtu anayevuruga amani, na vifungu hivyo vina masharti ambayo upande wa mashtaka lazima uyathibitishe. Uzembe na uzururaji, ambao ndio wa vifungu vya 176 na 177 vya Kanuni ya Adhabu, kwa sehemu yake kubwa haujali mtu amefanya nini. Unajali yeye ni nani, amekaa wapi na mfukoni ana nini. Namba za vifungu nitakazotaja ni zile zilizozoeleka katika matoleo ya sheria ya kabla ya Toleo la Urekebu la mwaka 2023, kwa kuwa toleo hilo limepanga upya namba za baadhi ya sheria na wengi wetu bado tunazungumza kwa namba za zamani.

Tuanze na fujo yenyewe. Kifungu cha 89 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kinamgusa mtu anayemtolea mwenzake lugha chafu au ya matusi kwa namna inayoelekea kusababisha uvunjifu wa amani, na pia anayezusha ugomvi au vurugu kwa namna hiyohiyo, na adhabu yake ni kifungo cha hadi miezi sita. Kupigana hadharani ni kosa linalojitegemea. Shambulio la kawaida liko kifungu cha 240 na linabeba hadi mwaka mmoja, ilhali shambulio la kudhuru mwili, kifungu cha 241, linabeba hadi miaka mitano. Watu watatu au zaidi wakikusanyika kwa namna inayowafanya walio jirani waogope kwamba amani itavunjwa, huo ni mkusanyiko usio halali. Anayewasababishia watu kero ya jumla ana kifungu chake pia.

Ukivitazama vifungu hivi kwa makini, kila kimoja kina viungo vinavyoweza kushikwa na kupimwa. Chukua mfano wa kondakta wa daladala pale Mbagala Rangi Tatu anayegombana na abiria kuhusu chenji. Abiria anadai, kondakta anamporomoshea matusi ya nguoni, watu wanajaa, mmoja anataka kumvaa kondakta. Ili kondakta huyo atiwe hatiani kwa kifungu cha 89, hakimu anahitaji kujua ni maneno gani yalitamkwa, yalielekezwa kwa nani, na mazingira yalikuwaje hata yaelekee kuzua vurugu. Shahidi hulazimika kuyatamka maneno yenyewe kizimbani, hata kama anaona haya mbele ya hakimu mwenye umri wa mama yake, kwa sababu kusema tu kwamba "alinitukana" ni kutoa hitimisho badala ya ushahidi. Kondakta naye anaweza kujitetea: hakusema hayo, au aliyasema akimwambia dereva wake ndani ya gari bila mtu mwingine kusikia, au aliyekuwa anatukana ni abiria. Kuna kitu cha kubishaniwa. Kesi inaweza kushinda au kushindwa kwa mujibu wa yaliyotokea.

Sasa geukia kifungu cha 176. Hiki kinaorodhesha watu ambao sheria inawahesabu kuwa wazembe na wakorofi: kahaba anayeenenda kwa utovu wa adabu hadharani, anayezunguka kuombaomba, anayecheza kamari ya pesa mahali pa watu wote, anayeonesha vidonda au ulemavu wake ili apewe sadaka, anayeenenda hadharani kwa namna inayoelekea kuvunja amani, anayefanya tendo la aibu mbele ya watu, na kisha, mwishoni mwa orodha, mtu mwenye afya na nguvu zake ambaye hajishughulishi na kazi ya uzalishaji na hana njia inayoonekana ya kujipatia riziki. Yumo hata mwajiriwa anayekutwa kwenye mambo yake binafsi saa za kazi bila sababu halali, kipengele ambacho kikitekelezwa kwa dhati kitajaza mahabusu kwa watumishi waliotoka kunywa chai saa nne wakarudi saa saba.

Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 500, au kifungo kisichozidi miezi mitatu, au vyote viwili. Faini hiyo haifiki hata nauli ya daladala ya safari fupi, ambayo mwishoni mwa mwaka 2023 ilipandishwa kuwa shilingi 600. Kiasi hicho kinaonesha ni muda gani umepita tangu Bunge liketi na kukitazama kifungu hiki kwa macho ya leo. Kinaonesha pia kwamba uzito wa adhabu, kwa mtu anayekamatwa Buguruni usiku, hauko kwenye faini.

Kifungu cha 177 kinakwenda hatua moja mbele, na hapa ndipo sheria inapomwita mtu mhuni na mzururaji. Kinamhusu aliyewahi kutiwa hatiani kwa kifungu cha 176 akarudia, na anayekusanya sadaka kwa udanganyifu. Kinamhusu pia mtu anayeshukiwa au anayesifika kuwa mwizi, asiye na njia inayoonekana ya kujikimu na asiyeweza kujieleza akaeleweka, pamoja na yeyote anayekutwa akirandaranda karibu na jengo, barabarani au mahali pa watu wote kwa wakati na mazingira yanayofanya ionekane yupo hapo kwa nia mbaya. Mara ya kwanza ni hadi miezi mitatu jela, na kila mara inayofuata ni hadi mwaka mmoja.

Jaribu kuwaza utetezi wa kosa kama hilo. Mtu anayetuhumiwa kuiba anaweza kusema hakuwepo, au kitu ni chake. Anayetuhumiwa kwamba hana njia inayoonekana ya kujikimu atajitetea kwa kuleta nini? Atalazimika kuthibitisha maisha yake yote, tena mbele ya askari aliyemkamata na ambaye ndiye mwamuzi wa kwanza kama maelezo yake yanaridhisha. Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye hatia mpaka itakapothibitika kuwa ana hatia. Kifungu kinachosema "asiyeweza kujieleza" kimeugeuza mzigo huo kikamtwisha anayeulizwa, na kimefanya hivyo kwa maneno machache sana kiasi kwamba wengi hawaoni mzigo ulipohamia.

Kisha lipo suala la kazi inayoonekana katika jiji hili. Asubuhi pembeni mwa barabara kadhaa za Dar es Salaam utawakuta mafundi rangi na mafundi ujenzi wameketi na rola, brashi na mwiko vikiwa chini mbele yao, wakingoja gari lisimame na mtu aulize bei. Kwa askari anayepita, wale ni vijana walio kijiweni. Kwa anayejenga, pale ndipo ofisi ya ajira ilipo. Kibarua wa Kariakoo anayengoja fuso lifike alfajiri kushusha mzigo hana mkataba wala kitambulisho cha kazi, na saa anazofanya kazi ndizo hasa saa ambazo kifungu cha 177 kinazitilia shaka. Dalali wa vyumba riziki yake ni simu na kutembea. Mpiga debe anafanya kazi ambayo mamlaka zimeshaipiga marufuku mara nyingi na ambayo makondakta bado wanailipia. Serikali yenyewe, ilipoanza kugawa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000 mwishoni mwa mwaka 2018, ilikiri kwamba uchuuzi wa barabarani ni kazi. Ilipofika Oktoba 2021 wamachinga waliondolewa kwenye barabara na maeneo yaliyozuiwa na kuelekezwa kwenye masoko yaliyotengwa. Mtu yuleyule, na bidhaa zilezile, alikuwa mjasiriamali mwaka mmoja na mvamizi wa hifadhi ya barabara mwaka mwingine. Sitaki kuingia katika ubishi wa mipango miji hapa, ila inatosha kusema kwamba anayeonekana hana kazi anategemea sana ni nani anayetazama na ni mwaka gani.

Vifungu hivi havikuzaliwa hapa. Uingereza ilitunga Sheria ya Uzururaji mwaka 1824, katika miaka iliyofuata vita dhidi ya Napoleon, wakati askari waliopunguzwa jeshini na maskini waliokosa kazi vijijini walipokuwa wakimiminika mijini. Sheria ile iliwagawa watu katika madaraja, kuanzia wazembe na wakorofi hadi wahuni na wazururaji, na ngazi hizo ndizo tunazozikuta katika Kanuni ya Adhabu iliyoanza kutumika Tanganyika mwaka 1930. Serikali ya kikoloni ilikuwa na sababu zake za kuzipenda: Mwafrika alitakiwa mjini kama kibarua, na asipokuwa kibarua alionekana mtu wa kurudishwa kwao.

Jambo la kusikitisha ni kwamba uhuru haukuziondoa. Mwaka 1976 jijini Dar es Salaam kulikuwa na Operesheni Kila Mtu Afanye Kazi, na mwaka 1983 Bunge likapitisha Sheria ya Nguvu Kazi, ambapo watu walikamatwa mjini na kupelekwa mashambani. Vipengele vya mtu mwenye nguvu asiyezalisha na mwajiriwa anayekutwa kwenye mambo yake vinabeba lugha ya zama hizo. Nia ya waasisi wa sera zile ilikuwa tofauti na ya mkoloni, na Katiba yetu katika Ibara ya 25 bado inasema kila mtu ana wajibu wa kushiriki katika kazi halali na ya uzalishaji. Wajibu wa kiraia, hata hivyo, ni jambo moja, na kumfunga mtu kwa kukosa kazi ambayo uchumi haujaizalisha ni jambo jingine. Haki za Binadamu ziliingizwa katika Katiba mwaka 1984 na zikaanza kudaiwa mahakamani mwaka 1988, na tangu hapo vifungu viwili hivi vimeishi sambamba nazo kana kwamba havijatambulishwa.

Sasa tufuatilie safari ya mtu mmoja wa kubuni ndani ya utaratibu halisi. Kijana amekamatwa Ijumaa usiku. Kwa mujibu wa Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, anapaswa kuambiwa sababu ya kukamatwa kwake. Anapowekwa chini ya ulinzi ana haki ya kuwasiliana na ndugu, rafiki au wakili. Muda wa msingi wa kumhoji ni saa nne, na unaweza kuongezwa. Kifungu cha 32 kinamtaka mkuu wa kituo, kama haiwezekani kumfikisha mtu huyo mahakamani ndani ya saa 24, amwachie kwa dhamana isipokuwa kosa likionekana kuwa kubwa. Uzembe na uzururaji, ambao faini yake haizidi shilingi 500, hauwezi kwa kipimo chochote kuwa kosa kubwa. Kwa hiyo kisheria kijana huyu alitakiwa kulala nyumbani, au Jumamosi hiyohiyo awe ametoka.

Lakini simu yake imeishiwa chaji, au imehifadhiwa kaunta pamoja na mkanda na viatu. Dada yake anayeishi Gongo la Mboto atapata habari Jumapili. Akifika kituoni ataona tangazo kwamba dhamana ni bure, na ataambiwa arudi Jumatatu mpelelezi atakapokuwepo. Kufikia Jumatatu asubuhi kijana amelala lupango usiku wa tatu, amekosa vibarua vya mwisho wa juma, na kama alikuwa anafanya kazi mahali, nafasi yake imeshachukuliwa. Adhabu yake imekwisha kutolewa, na bado hajamwona hakimu.

Mahakamani anasomewa maelezo ya kosa. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 yaliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, hakuna tena kisingizio kwamba mshtakiwa hakuelewa kwa kuwa hati iliandikwa Kiingereza, na kwa kweli Kiswahili kimefanya upungufu wa hati hizi uonekane wazi zaidi: siku fulani, saa za usiku, maeneo ya Buguruni, ulikutwa ukizurura bila kazi maalumu na bila sababu ya msingi. Ni kweli au si kweli? Kijana anajibu, "Ni kweli mheshimiwa nilikuwepo, nilikuwa nasubiri gari la mzigo."

Jibu hilo si kukiri kosa. Ni maelezo ya mtu anayekubali kwamba alikuwepo na anayekanusha kwamba hakuwa na sababu. Katika shauri la Adan dhidi ya Jamhuri la mwaka 1973, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliweka utaratibu ambao mahakama zetu zinaufuata hadi leo: shtaka na viungo vyake vyote vielezwe katika lugha anayoielewa mshtakiwa, majibu yake yaandikwe kwa maneno yake kadiri inavyowezekana, upande wa mashtaka ueleze yaliyotokea, naye apewe nafasi ya kuyapinga au kuongeza jambo, na akionesha kwamba ana utetezi, iandikwe kwamba amekana. Hakimu makini, akisikia habari ya gari la mzigo, ataandika kwamba mshtakiwa amekana. Hakimu mwenye orodha ndefu ya mashauri asubuhi hiyo anaweza kusikia maneno mawili tu ya mwanzo, "ni kweli".

Na kijana mwenyewe huenda hataki iandikwe kwamba amekana. Akikana, shauri litapangiwa tarehe nyingine, atatakiwa kuwa na wadhamini wenye vitambulisho vya NIDA na barua za serikali ya mtaa, na akiwakosa siku hiyo gari la magereza litaondoka naye kwenda Keko au Segerea. Akikiri, huenda akatozwa faini au akaachiwa kwa onyo na kurudi nyumbani kabla ya adhuhuri. Mtu mwenye akili timamu na asiye na hatia, akipewa chaguo hilo, atachagua kukiri. Anachokuwa hajaambiwa ni kwamba aliyetiwa hatiani kwa kukiri mwenyewe, kwa kanuni ya jumla, hawezi kukata rufaa kupinga hatia hiyo, isipokuwa kuhusu uhalali au ukubwa wa adhabu, labda aoneshe kwamba kukiri kwenyewe kulikuwa na utata. Hajaambiwa pia kwamba kumbukumbu ya leo ndiyo itakayomvusha kutoka kifungu cha 176 kwenda cha 177 atakapokamatwa tena mahali palepale akingoja gari lilelile.

Hapa ndipo penye jibu la swali ninaloulizwa mara kwa mara: kama vifungu hivi vina kasoro kubwa kiasi hiki, mbona havijapingwa vikaanguka? Mfumo unawaondoa kimya kimya wale wenye sababu ya kuvipinga. Wanaokiri wanakwenda zao. Wanaokana wanaweza kuachiwa shauri likifutwa kwa mashahidi kutofika. Marekebisho ya mwaka 2020 ya Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu wa Msingi yalimtaka anayefungua shauri la kikatiba kwa kudai haki hizo aape kuonesha jinsi yeye mwenyewe alivyoathirika. Mashirika ya haki yenye mawakili hayajalala lupango Buguruni, na waliolala hawana wakili. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 ingeweza kuziba pengo hilo, lakini msaada unaotolewa huelekezwa zaidi kwenye mirathi, ardhi na ndoa, kwa sababu shauri la uzururaji linaisha kabla mtoa msaada hajafika.

Kwingineko vifungu vya namna hii vimepingwa. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ya Malawi mjini Blantyre ilibatilisha kifungu cha uhuni na uzururaji kinachofanana mno na chetu, baada ya mchuuzi wa mifuko ya plastiki kukamatwa alfajiri akielekea kwenye biashara yake. Desemba 2022 Mahakama ya Katiba ya Uganda ikafanya vivyo hivyo kwa vipengele vya namna hiyo katika kifungu cha 168 cha sheria yao. Hata Uingereza, iliyotuletea mbegu, Bunge lake lilipitisha mwaka 2022 uamuzi wa kuifuta sheria ya 1824.

Uamuzi ulio karibu nasi zaidi ulitolewa Arusha. Tarehe 4 Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ikijibu ombi la Chama cha Wanasheria wa Afrika (PALU), ilitoa maoni ya ushauri kwamba sheria zinazomwadhibu mtu kwa hali yake ya kutokuwa na makazi, kazi au kipato zinakinzana na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, zikiwemo haki za usawa, utu, uhuru wa mtu na uhuru wa kutembea, na kwamba nchi zenye sheria hizo zina wajibu wa kuzirekebisha au kuzifuta. Maoni ya ushauri hayafungi kama hukumu. Lakini nchi mwenyeji wa mahakama hiyo ni sisi, na takriban wiki mbili kabla ya maoni hayo kutolewa, kujiondoa kwa Tanzania katika tamko linaloruhusu watu binafsi na asasi kuishtaki moja kwa moja katika mahakama hiyo kulikuwa kumeanza kutumika. Mtanzania anayezolewa kijiweni leo anaweza kuyasoma maoni yale, ila hawezi kwenda kuomba yatekelezwe kwake.

Wapo wanaosema, na wanasema kwa uzito, kwamba polisi wanahitaji kuzuia uhalifu kabla haujatokea, na kwamba ukiwanyang'anya kifungu cha 177 unawaambia wasubiri mpaka nyumba ivunjwe. Nakubali haja, nakataa kwamba chombo ni hiki. Kujaribu kutenda kosa ni kosa. Kula njama ni kosa. Kukutwa usiku na vifaa vya kuvunjia nyumba bila sababu halali ni kosa. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inampa hakimu uwezo wa kumtaka mtu anayeelekea kuvunja amani aweke ahadi ya kuitunza, kwa utaratibu unaompa mtu huyo nafasi ya kusikilizwa. Vyombo vyote hivyo vinamdai askari jambo moja ambalo uzururaji haumdai: aeleze aliona nini. Na kwa mtazamo wa aliyevamiwa na Panya Road, kumzoa kila kijana aliye kijiweni ni hasara, kwa sababu anayejua nani alishika panga usiku ule mara nyingi ni mmoja wa vijana hao hao wa kijiweni, na baada ya siku tatu lupango hatakuwa na hamu ya kumwambia askari chochote.

Tahadhari moja lazima isemwe kwa upande wangu pia. Kufuta vifungu viwili hakutamaliza mchezo, kwa kuwa tabia ya kukamata kwa kuangalia sura hutafuta jina jingine. Mahakama ya Juu ya Marekani ilibatilisha sheria ndogo ya uzururaji ya mji wa Jacksonville mwaka 1972 kwa sababu haikumpa raia onyo la kueleweka kuhusu kinachokatazwa na ilimwachia askari hiari isiyo na mipaka. Miaka 20 baadaye jiji la Chicago likatunga sheria nyingine ya kuwatawanya wanaosimama barabarani wakidhaniwa kuwa wa magenge, nayo ikabatilishwa mwaka 1999. Kwetu jina hilo jingine lipo tayari: sheria ndogo za halmashauri, zinazotekelezwa na mgambo na kumalizwa kwa faini za papo kwa papo. Lipo pia ndani ya kifungu cha 176 chenyewe, katika kipengele cha kuenenda kwa namna inayoelekea kuvunja amani, ambacho ni kipana kuliko kifungu cha 89 na ambacho sioni kinaongeza nini juu yake. Kipengele hicho ningependa kiondoke pamoja na vile vya ombaomba, vya asiye na kazi na vya anayeshukiwa tu. Tendo la aibu hadharani linaweza kubaki, kwa sababu ni tendo. Kuhusu kipengele cha kahaba, shida yake ni kwamba kinaanza kwa kumpa mwanamke jina kabla ya kumuuliza amefanya nini, na katika misako ya usiku jina hilo hutolewa kwa kuangalia sketi na mahali aliposimama. Utovu wa adabu hadharani, ukiwepo, unaweza kushtakiwa bila kibandiko.

Kazi hiyo ni ya Bunge, na Bunge lina njia nyepesi ya kuifanya kupitia miswada ya marekebisho ya sheria mbalimbali inayopelekwa Dodoma mara kwa mara. Mahakama Kuu nayo, shauri likiifikia, inaweza kwa mujibu wa Ibara ya 30(5) kuipa Serikali muda wa kurekebisha badala ya kubatilisha papo hapo, kwa hiyo hofu kwamba pengo litafunguka ghafla haina msingi. Lakini hata kabla ya hayo, lipo jambo ambalo hakimu wa mahakama ya wilaya anaweza kulifanya Jumatatu hii. Kifungu cha 129 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinamwelekeza hakimu anayeona kwamba hati iliyoletwa mbele yake haioneshi kosa lolote atoe amri ya kukataa kuipokea, na aandike sababu zake. Hati inayosema mtu alikutwa Buguruni usiku bila sababu ya msingi, bila kueleza alifanya nini, alimtishia nani wala alishika nini, ni hati ya kuwekwa kwenye kipimo hicho kabla mshtakiwa hajaulizwa kama ni kweli.